Mguu Mnene Nao Huuma

Wengi wenu mnaoufuata ukurasa huu mmezoea kunisoma nikieleza juu ya harusi zetu, misemo ya leso na mapishi ya mwezi wa Ramadhani. Leo nawaombeni radhi, kwani nitasema juu ya miguu ya wanawake. Sisemi kwa utani wala kwa kukosa haya. Nasema kwa sababu liko jambo katika desturi zetu ambalo limewatesa mama zetu na dada zetu kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimo katika waliowatesa.

Jambo hili lilinizindua nikiwa mbali na kwetu, huko Kiogoro, katika milima ya Kisii. Nilialikwa na mwalimu mwenzangu, mama wa Kigusii tuliyefundisha naye Mombasa miaka mingi kabla hajastaafu na kurudi kwao. Kiogoro si mbali na mji wa Kisii, ambao wenyeji huuita Getembe. Ukitoka mjini, barabara inapanda na kushuka, na kila upande ni migomba, chai, miparachichi na vishamba vidogo vilivyolimwa mpaka juu ya kilima. Mtu aliyezaliwa pwani kama mimi, aliyezoea ardhi tambarare, akifika huko hana budi kuhema. Wenyeji hawahemi. Wanawake wa makamo hupanda na mzigo wa ndizi huku wanazungumza na kucheka kana kwamba wako barazani.

Lakini katika nyumba ile alikuwako mmoja aliyehema. Alikuwa dada mkubwa wa mwenyeji wangu, mjane aliyewalea wanawe kwa kuchuma chai na kuuza ndizi katika soko la Daraja Mbili. Alipanda mlima kwa kusimama kila hatua chache, mkono mmoja kiunoni, na alipofika uani alikaa juu ya kigoda akainyosha miguu mbele yake kwa uangalifu, kama mtu anayetua mayai.

Jioni hiyo mjukuu wake, mtoto wa miaka minne hivi, alitoka mbio akajitupa mapajani mwake kama watoto wafanyavyo. Yule mama alipiga ukelele akamsukuma mtoto mpaka akaanguka. Nyumba nzima ikacheka. "Bibi mchoyo wa mapaja!" alisema kijana mmoja. Mama akacheka pamoja nao, akamwinua mtoto, akampangusa machozi. Lakini mimi nilikuwa karibu naye, nikaona macho yake. Hayakuwa macho ya mtu mwenye kucheka.

Baadaye alipokuwa akinawa miguu nilimletea maji. Nikaona kitu nilichokwisha kukiona zamani. Nyayo zake zilikuwa nyembamba, na mifupa ya vidole yaonekana. Juu ya kifundo cha mguu nyama ilianza kwa ghafla, ikatokeza kama pete pande zote mbili sawasawa, na kutoka hapo kwenda juu miguu ilikuwa minene isiyolingana kabisa na uso wake mkavu na mabega yake membamba. Kwenye shavu la mguu palikuwa na madoa ya damu iliyovilia.

"Mama, wagonjwa?" nilimwuliza.

"Mwalimu, hiyo ni mafuta tu," alinijibu kwa Kiswahili chao cha bara. "Mafuta haiumi. Ndivyo waliniambia kwa hospitali. Wakasema nipunguze ugali. Nimepunguza mpaka uso umeisha, lakini miguu imekataa."

Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini inauma, mwalimu. Hata shuka ikilala juu yake inauma."

Omobari hakuuliza ushahidi

Kesho yake tulikwenda kumwamkia mzee mmoja, jirani. Katika mazungumzo ilizuka habari ya ababari. Wasomaji ambao hawajasikia jina hili, nitawaeleza kwa ufupi. Omobari, na wakiwa wengi ababari, ni mganga wa jadi wa Kigusii aliyekuwa akipasua kichwa. Mtu aliyepigwa rungu au kuangukiwa na mti, kisha akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, alipelekwa kwa omobari. Huyo alipasua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa kidogo kidogo kwa chombo chenye makali, kisha akafunga na kuuguza jeraha. Hizi si hekaya. Madaktari kutoka nchi za nje walifika Kisii kuitazama kazi hiyo wakaiandika, na mwaka 1985 makala moja juu yake ilichapishwa katika jarida la upasuaji huko Marekani. Wagonjwa wengi walipona jeraha, na wapo waliosema maumivu yaliwaondoka.

Sisemi tuirudie kazi hiyo. Kupasua kichwa bila ya dawa ya usingizi na bila ya hospitali ni hatari kubwa, na leo mwenye kuumia kichwa mahali pake ni kwa daktari. Lakini yule mzee alisema neno moja ambalo limenikaa moyoni. Alisema, "Omobari hakukwambia umwonyeshe maumivu. Alikuuliza yamekaa wapi."

Nilimtazama dada mkubwa wa mwenyeji wangu, aliyekuwa ameketi pembeni na miguu ameifunika kwa leso. Nikajiuliza, inakuwaje mwanamume mwenye kichwa kinachouma, kichwa ambacho kwa nje ni kizima kama changu na chako, aaminiwe hata kufunguliwa fuvu, na mwanamke huyu mwenye miguu inayouma aambiwe apunguze ugali?

Nadhani jawabu ni hili. Kichwa kilichopigwa rungu kina kisa chake na kila mtu anakijua. Mguu mnene hauna kisa. Tukiuona tu, tumekwisha kuuhukumu.

Mkono wangu mwenyewe

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka marehemu mama yangu mdogo, Mungu amrehemu. Tulikaa naye nyumba moja huko Mji wa Kale, Mombasa, nikiwa msichana wa shule. Alikuwa na shingo ndefu na kiuno chembamba, lakini kutoka nyonga kwenda chini alikuwa kama mtu mwingine. Watu walimsifu, "Mashaallah, mwanamke umbo." Siku ya harusi yake alipotiwa hina, nyayo zake zilikuwa ndogo kama za mtoto na maua ya hina yakakaa vizuri. Lakini furungu za fedha alizoachiwa na nyanya yake hazikukaa, kwa sababu juu ya kifundo nyama ilianza ghafla, kama mtu aliyevaa suruali iliyofungwa kwa kamba chini. Wanawake walicheka, naye akacheka nao.

Alipojifungua mtoto wa kwanza miguu ilizidi. Katika siku arobaini za uzazi alikandwa kwa maji ya moto kama ilivyo desturi yetu, akafungwa mkaja, na mimi nikaamrishwa na bibi nimkande miguu kwa mafuta ya ufuta ili uzito ushuke. Nilikuwa na mikono yenye nguvu. Nilimkanda. Aliuma ncha ya leso, machozi yakamtoka, akaniambia, "Polepole mwanangu, waniumiza." Mimi nikaona anadeka. Nikazidisha. Asubuhi mapaja yake yalikuwa yamevilia damu, meusi na kijani. Jirani mmoja alipoyaona alianza kunong'ona kwamba mumewe anampiga. Yule bwana hakupata hata siku moja kumwinulia mkono.

Baadaye walisema ni matende. Baada ya hapo wakasema ni kijicho cha watu. Tena wakasema ni ulaji na uvivu, naye alikuwa mtu wa kula kitonge na kuamka kabla ya alfajiri. Alipokuwa akiswali kwa kuketi, kulikuwa na waliosema kwamba aliye na afya ya kunenepa hivyo hawezi kushindwa kusimama. Alifariki kwa maradhi mengine. Katika maisha yake yote hakuna hata mmoja katika sisi aliyemwambia, "Nakuamini."

Wazee wetu walisema, adhabu ya kaburi aijua maiti. Mimi nilikuwa juu ya kaburi, nikimhukumu aliye ndani.

Jina la ugonjwa

Niliporudi Mombasa nilimweleza daktari mmoja wa kike habari za Kiogoro na za marehemu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hawezi kumhukumia mgonjwa asiyemwona, lakini dalili nilizomtajia ni zile za ugonjwa uitwao lipedema. Nikatafuta na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Lipedema si ugonjwa mpya. Mwaka 1940 madaktari wawili wa hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani, Edgar Allen na Edgar Hines, waliueleza na kuupa jina hilo. Mwaka 1951 wakarudi, pamoja na mwenzao, wakaeleza habari za wagonjwa 119. Hata hivyo kwa miaka mingi madaktari wengi, hata wa Ulaya, walimaliza masomo yao bila ya kulisikia jina hili. Katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, lipedema imepata mahali pake mwenyewe katika toleo la 11, ambalo lilianza kutumika mwaka 2022. Kwa hiyo ikiwa mganga wa zahanati ya kijijini haujui, tusimlaumu yeye peke yake.

Katika ugonjwa huu mafuta hukusanyika chini ya ngozi ya miguu, nyonga na mapaja, na mara nyingine mikono, kwa namna isiyo ya kawaida. Hukusanyika pande zote mbili kwa usawa. Nyayo huachwa nje, ndiyo maana hutokea ile pete juu ya kifundo cha mguu. Wagonjwa karibu wote ni wanawake, na aghalabu huanza au huzidi wakati mwili wa mwanamke unapogeuka: anapovunja ungo, anapochukua mimba, au hedhi inapokoma. Tena mara nyingi hupatikana katika ukoo, mama na binti, shangazi na mpwa. Mwenye ugonjwa huu akijinyima chakula, atakonda uso, kifua na mabega, lakini miguu itabaki vile vile au itapungua kidogo tu. Yule mama wa Kiogoro hakusema uongo aliposema miguu imekataa.

Na kubwa kuliko yote ni maumivu. Mguu huwa mzito kama uliofungwa jiwe, na jioni huzidi. Kuguswa kwa nguvu kidogo tu, kukaliwa na mtoto, kujigonga kwenye ukingo wa kitanda, huuma kuliko inavyostahili. Damu huvilia kwa sababu ndogo, wakati mwingine bila ya mtu kukumbuka alipojigonga. Wataalamu wengi leo wanasema kwamba maumivu haya ndiyo alama inayotenganisha lipedema na unene wa kawaida. Mtu mnene tu, ukimbonyeza paja, haoni taabu. Mwenye lipedema ataruka.

Kwa nini mafuta yaume? Wataalamu wangali wanachunguza. Wapo wanaosema kwamba seli za mafuta hukua kupita kiasi, hewa ya damu isizifikie vizuri, na mwili ukaanza kuwaka ndani kwa ndani. Wapo wanaosema mishipa midogo ya damu huwa dhaifu na hupasuka upesi, na mishipa ya fahamu huathirika. Jambo moja limepimwa. Mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walichapisha habari za wanawake wenye lipedema ambao hata si wanene kwa kipimo cha kawaida. Walipowapima pajani, waliona kwamba mbinyo mdogo huwauma mapema sana kuliko wanawake wazima, na mtetemo huhisiwa kwa udhaifu zaidi. Lakini joto na baridi waliyahisi kama watu wengine. Maana yake ni kwamba maumivu haya yana mahali na yana sura yake. Si deko wala si wivu, wala si mawazo ya mwanamke aliyekosa kazi.

Si matende

Sisi watu wa pwani tunayo sababu ya kuchanganya. Mabusha na matende ni maradhi tuliyokua nayo, kutoka Lamu mpaka Kwale na ng'ambo ya Unguja na Pemba. Matende huletwa na minyoo myembamba kama uzi inayopelekwa mwilini na mbu, ikaziba njia za maji ya limfu. Kwa bahati njema tumepiga hatua. Zanzibar walianza kugawa dawa kwa watu wote mwaka 2001, na Kenya ikafuata mwaka 2002 kuanzia Kilifi. Hiyo ni kazi ya kushukuriwa, na kila anayegawiwa dawa hizo azimeze.

Lakini matende na lipedema ni vitu viwili. Matende aghalabu huanza mguu mmoja, au mmoja ukazidi mwenzake. Lipedema ni miguu yote miwili sawasawa. Matende huvimbisha nyayo na vidole, lipedema huviacha. Katika matende yaliyokomaa ngozi huwa ngumu na nene, na mgonjwa hupatwa na homa za mara kwa mara. Katika lipedema ngozi aghalabu ni laini. Hata sisi tusio madaktari twaweza kutazama jambo moja dogo: ngozi iliyo juu ya kidole cha pili cha mguu. Ikiwa yaweza kufinywa na kuinuliwa, hiyo ni dalili kwamba maji ya limfu hayajakwama pale. Ikiwa haifinyiki, daktari na atazame habari ya matende. Lakini finya kwa upole.

Nawaomba pia msiufanye kila mguu mnene kuwa lipedema. Mguu mmoja uliovimba ghafla ukauma na kuwa na joto waweza kuwa na damu iliyoganda ndani. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Mjamzito aliyevimba miguu na uso akaumwa na kichwa au kuona giza, asingoje hata saa. Na uvimbe unaobonyea ukaacha shimo waweza kutoka katika moyo au figo. Kazi ya kutenganisha ni ya daktari. Kazi yetu ni kumpeleka mgonjwa, na kusema mbele ya daktari kwamba anaumwa.

Desturi zetu zatakaje?

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wenzangu wa pwani, maana hapa ndipo tunapokosea.

Zamani unono kwetu ulikuwa neema. Mke aliyenenepa ni dalili ya kutunzwa vizuri, na mama alijisifu kwa binti aliyejaza mlango. Mwanamke mwenye lipedema katika zama zile alisifiwa kwa kile kile kilichokuwa kikimwumiza. Angelalamika vipi? Angeambiwa anakufuru neema.

Siku hizi mambo yamegeuka. Unene umekuwa aibu, na kila mtu ni mshauri: acha wali, acha chapati, tembea, funga Jumatatu na Alhamisi. Mwanamke yule yule sasa analaumiwa kwa kile kile. Katika zama zote mbili hakuulizwa swali moja tu: "Je, yakuuma?"

Wakandaji wetu, mama zangu na shangazi zangu, nawaheshimu kwa mikono yenu. Lakini mwanamke mwenye miguu ya namna hii msimkande kwa nguvu. Msimpige chuku mapajani kwa kudhani kwamba damu iliyovilia ni damu mbaya. Mkono uwe mwepesi kama wa kumpaka mtoto mafuta, na akisema basi, iwe basi. Uzito ule haushuki kwa kusukumwa. Natamani mtu angeniambia hivyo nilipokuwa msichana.

Waume, mkeo akisema asiguswe pajani usidhani amekuchoka. Majirani, mkiona madoa meusi juu ya mguu wa mwanamke, muulizeni yeye kwa siri na kwa upole kabla ya kumsingizia mumewe. Na ikiwa kweli anapigwa, hapo msinyamaze.

Na katika ibada, sheria yetu ni nyepesi kuliko ndimi zetu. Asiyeweza kusimama ameruhusiwa kuswali kwa kuketi, na hakuambiwa kwanza awaonyeshe majirani cheti. Aliye na haja ya kiti msikitini au katika hitima apewe kiti, wala asitazamwe. Tumefundishwa kwamba waumini ni kama mwili mmoja, kiungo kikiuma mwili wote hukesha. Basi itakuwaje kiungo kiume, na mwili wote ucheke?

Kinachoweza kufanywa

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu kabisa haijapatikana, na mwenye kuwauzieni mafuta au vidonge vya kuyeyusha miguu anawalia fedha zenu. Lakini yapo ya kupunguza maumivu. Zipo soksi za kubana zinazopimwa kwa mguu wa mtu mwenyewe. Upo mkono wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayejua kuyasukuma maji ya limfu kwa wepesi. Chakula cha kiasi kina faida, kwa sababu uzito wa kawaida ukiongezeka juu ya ule wa ugonjwa magoti huangamia. Lakini chakula hicho kisifanywe kuwa adhabu. Upo pia upasuaji wa kuyanyonya mafuta yale, ambao wengi waliofanyiwa wamepata nafuu ya maumivu. Huko Ujerumani, kamati inayoamua bima ya afya igharimie nini iliamua mwezi wa Julai 2025 kwamba upasuaji huo ugharimiwe kwa wagonjwa wanaotimiza masharti, katika hatua zote za ugonjwa. Kwetu bado ni ghali na ni wa wachache, nao wafaa kufanywa na mjuzi wa kweli.

Na ipo tiba moja ambayo Mola ametupa bila ya ada. Maji huubana mwili pande zote na kuupunguzia uzito, ndiyo maana wagonjwa wengi husema wakiwa majini hawasikii ule uzito. Sisi tumezungukwa na bahari. Kwa nini wanawake wa mtaa wasitoke pamoja alfajiri, ufuo ukiwa mtupu, wakatembea majini mpaka kiunoni kwa nusu saa, na nguo zao za heshima? Hilo halitaki daktari wala leseni. Linataka watano au sita watakaomwambia mwenzao, "Twende, tutatembea kwa mwendo wako."

Huko Kiogoro hakuna bahari, ila milima. Mwenyeji wangu alinipigia simu mwezi uliopita. Alisema dada yake amepelekwa kwa daktari mwingine, safari hii akiwa na mtu wa kumsemea, na daktari alimgusa polepole akamwuliza maumivu yamekaa wapi. Amepimwa soksi. Mlima bado anaupanda kwa kusimama, na maumivu hayajakwisha.

"Lakini nyumbani kumebadilika," aliniambia. "Yule mtoto sasa akitaka kukaa, husimama kwanza mbele ya bibi yake akamwuliza, 'Bibi, leo nikae wapi?' Naye humwonyesha pa kukaa."

Mtoto wa miaka minne amejifunza kuuliza. Mimi ilinichukua umri wangu wote, na marehemu hakuungoja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mama, dada au binti anayefunika miguu yake na kuuepuka mkono wako, usiandike hukumu. Muulize, kisha umwamini atakalokujibu.

Wabillahi tawfiq.